Mdogo wangu ana VVU na anataka kuacha dawa: nimsaidieje?

SWALI: Mimi ni dada mkubwa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Miezi minane iliyopita alipimwa akakutwa na VVU, akaanza dawa wiki ileile. Ameniambia mimi peke yangu na kuniapisha nisimwambie mama, ambaye tunaishi naye nyumba moja pamoja na wanangu wawili. Juzi kapewa majibu ya wingi wa virusi, akaambiwa havionekani. Nilifurahi, lakini yeye sasa anasema kama havionekani basi amepona, ya nini kuendelea kumeza dawa? Kuna jamaa yake anamwambia aliacha dawa baada ya maombi na mitishamba, akajipima kwa kipimo cha mate, kikaonyesha hana kitu. Ana mchumba, sijui kama mchumba anajua. Na mimi, naona aibu kuliandika hili, nimemtengea kikombe na sahani. Mwisho, nimeombwa nizungumze na vijana Siku ya UKIMWI Duniani, nikafikiria nimwombe atoe ushuhuda, huenda akawafungua macho wenzake. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, anzia kwenye dawa. Hayo mengine yanaweza kusubiri wiki moja au mbili, dawa haiwezi.

Kipimo alichofanyiwa huhesabu nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Kila mashine ina kikomo chake, na nyingi haziwezi kuhesabu chini ya nakala 50, nyingine chini ya 20. Aliyeambiwa havionekani maana yake yuko chini ya kikomo hicho. Ni habari njema kwelikweli, na umefanya vizuri kufurahi, lakini haina maana kwamba virusi vimekwisha mwilini. VVU vina tabia ya kupachika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli za kinga, na baadhi ya seli hizo hulala kwa miaka mingi. Dawa huzuia virusi vinavyojizalisha. Vile vilivyolala ndani ya seli haziwezi kuvifikia. Siku mtu anapoacha, vilivyolala huanza kuamka, na kwa watu wengi ndani ya wiki chache tu virusi vinahesabika tena. Ubaya ni kwamba hatasikia chochote. Anaweza kukaa miezi, hata miaka, akiona yuko imara na kujipongeza kwa uamuzi wake, huku kinga ikishuka.

Jambo hili limeshapimwa. Utafiti mkubwa ulioitwa SMART, wenye washiriki zaidi ya 5,000 katika nchi 33, uliwagawa watu makundi mawili: wa kwanza waliendelea na dawa moja kwa moja, wa pili walikuwa wakisimamisha kila kinga yao ilipokuwa nzuri. Mwaka 2006 ulisitishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliokuwa wakisimamisha walikuwa wanaugua magonjwa nyemelezi au kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Wengi wao nao walikuwa na majibu mazuri kabla ya kusimamisha, kama ya mdogo wako.

Sasa huyo jamaa na kipimo chake cha mate. Huenda hasemi uongo, huenda kweli aliona mstari mmoja. Vipimo vya kujipima mwenyewe havitafuti virusi. Vinatafuta kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza ukikutana na virusi. Mtu akitumia ARV, yaani dawa za VVU, vizuri, hasa aliyeanza mapema, virusi hupungua sana na kingamwili nazo zinaweza kupungua, na katika majimaji ya kinywani zinakuwa chache kuliko kwenye damu. Kipimo kinaweza kuzikosa. Ndiyo maana vipimo hivyo havishauriwi kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye dawa. Kwa maneno mengine, kama kipimo cha jamaa kilitoka hivyo, kinachosifiwa pale ni zile dawa alizoziacha. Shuhuda nyingi za uponyaji ninazoletewa chumba cha ushauri zimesimama juu ya mambo haya mawili: majibu ya «havionekani» yaliyoeleweka vibaya, na kipimo cha mate kilichotumiwa pasipo pahali pake.

Nisije nikakuficha kitu: wapo watu waliopona VVU. Wa kwanza kujulikana duniani ni Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa Berlin na kupandikizwa uboho mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu. Mtoaji wa uboho ule alikuwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo inayovinyima VVU mlango wa kuingia kwenye seli. Tangu wakati huo wengine wachache wamepona kwa njia inayofanana nayo. Wanahesabika kwa vidole, wote walikuwa na saratani, na matibabu yenyewe yanaweza kuua. Mdogo wako akisema «mbona wapo waliopona», mweleze hivyo.

Kuhusu maombi, nakuomba usiingie kwenye mabishano. Anayesali na kumeza kidonge chake hana tatizo lolote la kitabibu, na ukimlazimisha achague upande mmoja unaweza kumpoteza. Mitishamba ni suala jingine, kwa kuwa baadhi hubadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa na kuifanya ikose nguvu. Hata vitu vinavyoonekana havina madhara vinaweza kuingilia: kama dawa yake ina dolutegravir, ambayo ndiyo wengi wanaoanza siku hizi hupewa, dawa za kupoza asidi ya tumbo zenye magnesiamu au alumini huizuia isifyonzwe. Kidonge kimezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Chochote anachotumia pembeni akitaje kliniki, na wewe usimcheke kwa kukitumia. Mtu anayechekwa huanza kuficha.

Ila sitaki uende kwake na hotuba hii yote. Muulize kwanza: ni nini kinachomchosha kwenye hizo dawa? Kwa uzoefu wangu, anayesema «nimepona» mara nyingi ana sababu nyingine nyuma yake. Huenda hapati usingizi. Huenda anaongezeka uzito na hapendi. Huenda kila usiku anasubiri mama alale ndipo atoe chupa chini ya godoro, na mtu hawezi kuishi hivyo miaka 40. Matatizo haya yote yana pa kuanzia. Asiyelala anaweza kumeza asubuhi badala ya usiku, baada ya kuzungumza na mhudumu wake. Aliyechoka kuonekana kliniki, kama majibu yake yametulia, aulize iwapo anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mpigo, utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani limeukubali kwa watu wa namna hiyo. Akisahau dozi siku moja, aimeze akikumbuka na asimeze mbili kwa pamoja, na asihesabu kwamba ameshaharibu kila kitu. Nimewaona watu wakiacha kabisa kwa sababu tu walikosa siku tatu wakaona aibu kurudi. Na kama ameshaacha tangu ulipoandika, arudi kliniki kesho na aseme ukweli siku ngapi zimepita, ili wajue kama virusi vipimwe upya.

Kikombe sasa. Kirudishe kabatini leo, na sahani yake. VVU hupita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa na maziwa ya mama. Mate, jasho na machozi havimo. Kula pamoja, kulala chumba kimoja, choo kimoja, kukumbatiana, wanao kupanda mgongoni kwake, hakuna hata kimoja kinachoambukiza, na hii ingekuwa kweli hata kama asingekuwa kwenye dawa. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake, ila hiyo ni kanuni ya nyumba yoyote, maana homa ya ini aina ya B nayo hupita kwenye damu. Huna haja ya kumwomba radhi kwa maneno mengi. Yeye ameshakiona hicho kikombe, nakuhakikishia, na ataona pia siku kitakapokuwa hakipo. Watoto hawahitaji kuambiwa lolote.

Kwa mchumba, anza na jambo ambalo mdogo wako mwenyewe huenda halijui au haliamini. Mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Hii si faraja ya kumpoza mgonjwa. Utafiti ulioitwa PARTNER uliwafuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, walioshiriki tendo bila kondomu. Awamu ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 2016, ilihesabu matendo kama 58,000, na ya pili, mwaka 2019, matendo kama 76,000 kati ya wanaume na wanaume wenzao. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliyekuwa amefubaza virusi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliandika bila kuzungusha: virusi visipoonekana, hatari ya kumwambukiza mwenza ni sifuri. Mwambie hilo mdogo wako siku mtakapozungumza kuhusu kuacha dawa. Kwa baadhi ya wanaume ninaowashauri, kumlinda mwenza kuna uzito kuliko CD4 zao wenyewe, yaani hesabu ya seli zao za kinga.

Lakini kuna miezi kabla ya majibu hayo, na kabla hajajua hali yake. Mchumba anahitaji kupimwa, na anastahili kujua sababu. Usiende kumwambia wewe, wala usimtumie ujumbe usio na jina. Njia iliyo salama zaidi ni ile ambayo vituo vingi vya tiba hutoa: mhudumu anakaa na mdogo wako, wanapanga pamoja namna ya kumwambia, na kama akipenda mhudumu anakuwepo au anamwita mchumba apimwe. Waulize pia kama kuna hatari ya ugomvi au kupigwa, kwa upande wowote. Ipo wakati mwingine na mpango hubadilika. Mchumba akikutwa hana virusi anaweza kutumia dawa za kinga, PrEP, mpaka watakapokuwa na uhakika kwamba mdogo wako ametulia kwenye dawa. Akikutwa navyo, anaanza tiba siku hiyohiyo au ndani ya siku chache.

Wala wasidhani ndoto ya watoto imekufa. Baba hampi mtoto virusi moja kwa moja. Mtoto hupata kwa mama. Mama akiwa hana VVU na akabaki hivyo, mtoto yuko salama. Hata mama mwenye VVU, ambaye bila tiba uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45, akitumia dawa vizuri tangu ujauzito hadi mwisho wa kunyonyesha uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Wengi wa wachumba hawa wanaachana kwa jambo ambalo lingejibiwa katika nusu saa ya ushauri.

Mama yenu asiambiwe na wewe. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu najua unachowaza: mama akijua ataacha kumuuliza kwa nini amekonda, chupa itakaa mezani, kila mtu atapumua. Huenda ni kweli. Ila mdogo wako alichagua mtu mmoja duniani wa kumwambia, na habari hiyo ikitoka kwako hata kwa nia njema, atakuwa hana tena mtu hata mmoja. Unachoweza kufanya ni kumwuliza mara moja, kwa utulivu, anaogopa nini hasa mama akijua. Ataogopa kulaumiwa? Ataogopa kwamba mama atawaambia ndugu? Ukishajua hofu yenyewe mnaweza kufanyia mazoezi maneno ya kwanza, ninyi wawili. Akisema hapana, iwe hapana, na usitumie mizunguko kama kumwachia mama kipeperushi cha kliniki sebuleni. Na wewe siri hii inakulemea, naiona kwenye swali lako. Una haki ya kuonana na mshauri nasaha kwa ajili yako mwenyewe, ukazungumza bila kutaja jina la mtu.

Nikiwa hapo hapo: mtu anayesema amepona ghafla, mwenye siri nzito, katika mwaka wake wa kwanza wa kujua hali yake, mwangalie pia upande wa moyo. Akiacha kula, akijitenga, akianza kugawa vitu vyake au kusema hana faida, usingoje tarehe ya kliniki. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, na likipata jibu la ndiyo, usimwache peke yake na umpeleke kwa mhudumu wa afya siku ileile.

Sasa ushuhuda. Hapana, usimwombe. Ana miezi minane tu tangu ajue, hajamwambia mama yake, na wewe ndiye anayekutegemea, kwa hiyo ombi lako hawezi kulikataa kwa urahisi. Ukumbini kutakuwa na simu. Maneno ya dakika tano yatazunguka kwa miaka, na hakuna atakayeweza kuyarudisha. Siku akisema mwenyewe «nataka kusema», ndipo mtakaa na kuangalia. Watu wanaoishi na VVU wamekuwa wakisema kwa sauti zao tangu zamani: mwaka 1983 kundi la wagonjwa lilikutana Denver, Marekani, likadai kuhusishwa katika kila uamuzi unaowagusa, na sehemu ya kile walichodai ni usiri wa taarifa zao. Haki ya kusema na haki ya kunyamaza walizidai siku moja.

Ukitaka mzungumzaji, tafuta kupitia kliniki au kikundi cha watu wanaoishi na VVU mtu aliyekwisha kujiweka wazi na kuzoea kazi hiyo. Mlipe nauli na muda wake. Kabla ya siku, muulize ni maswali yapi hatayajibu, na wewe ndiye uyazuie ukumbini. Swali la «uliupataje?» lizuie hata kama hakulitaja, halimfundishi msikilizaji chochote, linampa tu kipimo cha kumhukumu mtu.

Kuhusu utakachosema mwenyewe, nina maoni makali kidogo. Achana na picha za watu waliokonda na mafuvu ya vichwa. Miaka ya themanini hofu ile ilikuwa na kisingizio: dawa ya kwanza, AZT, ilikuja mwaka 1987, na mchanganyiko wa dawa uliobadilisha hali ulianza mwaka 1996, kwa hiyo kabla ya hapo anayeelimisha hakuwa na mengi ya kuahidi. Leo kwenye ukumbi wako huenda ameketi kijana anayejishuku. Ukimwonyesha kaburi, atatoka bila kupimwa. Na huenda ameketi mwingine anayemeza dawa kwa siri, naye utamfundisha kwamba jamii inamwona ni maiti. Ukifika hapo, wafikirie kama mdogo wako yumo kwenye viti, kisha uone ni sentensi zipi utazifuta.

Waambie yaliyo na faida. Kwamba dunia ina watu wapatao milioni 40 wanaoishi na VVU, na anayeanza dawa mapema na kudumu nazo anaweza kuishi umri unaokaribia wa asiye na virusi. Kwamba havionekani maana yake haviambukizi kwa kujamiiana, sentensi ambayo nikiisema kwenye vikao bado naona watu wakitazamana. Kwamba kondomu inazuia pia magonjwa mengine ya zinaa na mimba isiyotarajiwa, jambo ambalo vidonge vya VVU havifanyi. Kwamba PrEP ipo kwa vidonge na kwa sindano, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mwanamke mmoja kati ya zaidi ya 2,000 waliochomwa aliyepata maambukizi. Usiahidi kwamba inapatikana kila mahali, kwa sababu upatikanaji wake unatofautiana.

Na kitu kimoja ukiseme mara mbili, polepole: saa 72. Aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu, aliyejichoma na sindano iliyotumika, ana muda huo wa kuanza PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, na kila saa inayopita inapunguza nafasi yake. Dawa hizo humezwa siku 28. Vijana wengi wamesikia jina lake bila kujua saa, na saa ndiyo inayookoa. Waeleze pia kwamba kipimo kilichofanywa siku chache baada ya tukio hakitoshi, kwa kuwa vipimo vingi vya haraka huweza kuchukua hadi miezi mitatu kuwa na uhakika.

Kabla ya siku yenyewe pita kituo cha afya kilicho karibu nanyi na uulize mambo matatu: PEP wanaitoa hadi saa ngapi, na usiku au mwisho wa wiki mtu aende wapi, kijana anaruhusiwa kupimwa bila mzazi akiwa na umri gani, maana sheria hutofautiana nchi kwa nchi, na ni nani hasa wa kumuulizia mlangoni, kwa jina, ili asianze kujieleza mbele ya foleni. Majibu hayo yaandike kwenye karatasi ndogo na umpe kila mmoja ukumbini, wote bila kuchagua, ili anayeihitaji asionekane akiiomba.